Ndoto Niliyokusingizia Siku ya Kupandisha Kenchi

Fundi,

Kabla hujafika mstari wa pili, niahidi kwanza. Haya nitakayokueleza usimwambie mtu yeyote huko uliko. Usimwambie mama yako, ambaye wewe mwenyewe ulisema hakuwahi kulala na habari ya mtu tumboni. Usimwambie yule mchungaji wenu wa zamani aliyewatangulia, maana wachungaji hugeuza siri za watu kuwa mifano. Usimwambie hata jirani aliyekaa karibu nawe, hata akiwa na uso mwema. Ukimaliza kusoma, ikunje barua mara nne uifiche nyuma ya sikio, pale ulipokuwa unaweka penseli. Hapo hakuna aliyewahi kuthubutu kugusa.

Naandika ofisini, saa ya chakula cha mchana. Mlango nimeufunga, nikausukuma mara mbili kuhakikisha, halafu nikaogopa kwamba moto ukitokea sitatoka, nikauacha wazi kidogo. Unanijua.

Nianze na habari za huku. Kiti chako cha karibu na mlango bado kipo. Hakuna aliyekataza watu kukikalia, lakini hawakikalii. Wanasimama, wanaegemea ukuta, wanaweka kofia zao juu yake. Msimamizi mpya wa mafundi huja asubuhi, huchukua karatasi zake, husema asante, huondoka. Ni mtu mzuri. Lakini hali biskuti zangu. Zamani pakiti moja ilikuwa haifiki Jumatano kwa sababu yako, sasa inamaliza wiki na zinabaki. Nazila mwenyewe. Suruali ile ya kijivu uliyosema inanifanya nifanane na mkaguzi wa kodi hainitoshi tena.

Mama Esta ameniachia tepu yako ya kupimia. Alisema mke wa fundi hana kazi na tepu, na karani asiye na tepu ni mtu anayeandika asichokijua. Ipo droo ya juu. Nikiwa na hofu huivuta futi mbili, nikaiachia irudi. Ule mlio unanituliza. Bosi ameniomba nipunguze.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi nilikuwa na wiki moja kwenye kiwanda hiki cha kenchi za mapaa, huku Dallas, nina shahada ya takwimu ya Dar es Salaam na hofu ya kufukuzwa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa karatasi inayofuata kila shehena: kenchi ngapi, za umbo gani, zipangwe vipi juu ya nyumba. Nilichapa "inchi ishirini na nne" kutwa nzima bila kujua inchi hizo zinatoka wapi zinakwenda wapi. Ukaingia na vumbi lako na Kiswahili chako cha Kongo. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo, Mzee." Ukanitazama, ukafikiri, ukajibu, "Bonjour, Karani." Tangu hapo jina langu la ubatizo hukulitumia tena.

Ulikuwa umeshika karatasi yangu. Ukauliza, "Karani, hii nani amekuambia?" Nikajua nimekosea. Machozi yalikuwa yamekwisha fika machoni, Fundi, nilikuwa natafuta tu pa kuyaelekeza. Kumbe hukuwa na ugomvi. Ulitaka kujua kama ninaelewa nilichoandika. Nikasema ukweli, kwamba sielewi. Ukacheka. Ukavuta kiti, ukapasua pakiti yangu ya biskuti bila kuuliza, ukaanza kuzisimamisha kwa ubavu juu ya rula yangu, moja moja, kama kuku wamelala juu ya fito.

"Hii rula ni ukuta," ulisema. "Hizi biskuti ni kenchi. Sisi tunaita ferme, bosi anaita trasi, mbao ni ile ile." Ukaniambia tepu ikishikwa kwenye ncha ya ukuta haitoki pale mpaka mwisho. Fundi mvivu hupima kutoka alama hadi alama, na kila alama inaiba kidogo, na mwisho wa nyumba wizi wote unaonekana. Ukachora mstari, ukaweka X upande wake wa pili. "Mustari ni mupaka. X ni kiti. Ferme haikalie mupaka, inakalia kiti." Halafu ile iliyonishangaza zaidi: alama ya kwanza inarudishwa nyuma robo tatu ya inchi, hiyo moja tu, nyingine zote zinafuata kwa ishirini na nne bila kuguswa. Nikauliza kwa nini. Ukachukua leso yangu ukaitandika juu ya biskuti. Ubao wa plaiwudi una futi nane, ukasema, na ukingo wake lazima uangukie katikati ya unene wa mbao, nusu yake, ili nusu nyingine ibaki kwa ubao unaofuata. "Lazima uachie jirani pa kulala, Karani. Paa ni watu."

Ukazila kenchi zote, ukaondoka.

Baadaye ukanifundisha la mwisho, lile ambalo barua hii inalihusu. Kuta mbili zinazobeba kenchi, ya mbele na ya nyuma, zipimwe kutoka upande mmoja. Ukianzia magharibi mbele, anzia magharibi na nyuma. "Ni kama bibi na bwana," ulisema. "Wakianzia pande mbili, kila mutu iko na haki, na hawaonane tena."

Nikaandika kwenye daftari. Sikujua nitalihitaji.

Mara ya mwisho uliyokuja ofisini uliagiza kenchi za kwako mwenyewe. Nyumba ya Mama Esta, pembeni mwa Houston, dakika kumi kutoka kwa binti yenu Esta. Ulikuwa unaendesha gari kwa muda wa saa nne kila Ijumaa jioni kwenda kuijenga, na saa nne nyingine kila Jumapili kurudi. Urefu futi arobaini na tano. Nikakuuliza mbona usifanye arobaini na nne au arobaini na sita, namba zinazogawanyika vizuri kwa mbili. Ukasema arobaini na nne zinatosha nyumba, na futi moja ni ya kinu cha Mama cha kutwangia sombe, kisamvu chenu, maana hataki kusikia habari ya sombe ya kusaga kwa mashine. Ukatia sahihi. Hukuvua koti, nikadhani ni baridi ya kiyoyozi. Ukaniambia, "Hii ni yangu, Karani. Usikosee."

Sikukosea. Kenchi ishirini na nne. Nilihesabu mara tano.

Halafu ukalazwa Fort Worth, na... hayo unayajua wewe.

Kuta zako zilibaki zimesimama bila paa. Mvua ya Houston unaijua, haiombi ruhusa. Wiki tatu zilikunywa maji, na Mama Esta akawa analala kwa Esta, chumba kimoja na wajukuu, akisema hana shida, akisema hivyo kila siku. Ndipo watu wa kanisa wakapanga. Jumamosi moja, watu wa Dallas na watu wa Houston, paa lipande. Kreni ikapatikana kwa asubuhi tu, mpaka saa sita, kisha iende kwa mtu mwingine. Mkaguzi wa majengo alikuwa anakuja Jumatatu.

Nilienda. Hakuna aliyeniita kwa kazi, nilisema nitasaidia chai. Nililala kwa Esta, kwenye kochi sebuleni.

Asubuhi nikachelewa. Nilirudi mara mbili kuangalia kama nimezima jiko la Esta, na jiko la Esta sikuwa nimeliwasha. Nilipofika kiwanjani kazi ilikuwa imekwisha anza, na kelele zake zilisikika kabla ya nyumba kuonekana.

Fundi, ninyi watu wa Kongo na salongo yenu. Uliwahi kunisimulia: kazi ya pamoja ya Jumamosi, kijiji kizima na majembe, na shamba linalimwa kwa mashindano. Kundi hili linaanzia ncha hii, kundi lile ncha ile, wanapishana katikati, na hapo katikati ndipo masimango yanapopikwa. Atakayechelewa kufika alikoanzia mwenzake anabeba maji. Ulisema hakuna njia nzuri zaidi ya kumaliza shamba.

Basi walizilima kuta zako.

Mchungaji na watu wa Dallas walichukua ukuta wa mbele, wakaanzia magharibi. Papa Yakobo, binamu yako, na watu wa Houston walichukua ukuta wa nyuma, wakaanzia mashariki, ili wapishane. Walikuwa juu ya ngazi na majukwaa, tepu mikononi, wanachora alama kwa furaha ambayo sijaona hata kwenye harusi. Na walichora vizuri. Wengi wao ulifanya nao kazi. Robo tatu walirudisha, X waliweka, tepu hawakuitoa kwenye ncha. Kila kundi peke yake halikuwa na kosa lolote.

Walipopishana katikati Papa Yakobo alisema, "Mchungaji, hapo ni inchi, si mahubiri. Fupisha."

Mchungaji akajibu bila kugeuka, "Papa Yakobo, ninyi watu wa Houston mumelainika kama fufu ya jana," akimaanisha ule ugali wenu.

"Na ninyi wa Dallas munapima kwa macho ya kufungasha maboksi kule ghalani."

"Boksi yangu hairudishwagi."

Watu wakacheka mpaka ngazi zikatikisika. Mimi nilikuwa chini na chupa ya chai, nacheka pia, natazama juu. Halafu nikaacha kucheka. Akili yangu ya darasani, ile isiyonisaidia kuvuka barabara, ilikuwa imeanza kuhesabu yenyewe. Arobaini na tano haigawanyiki kwa mbili. Alama za mbele zilikuwa zinaangukia futi ya pili, ya nne, ya sita kutoka magharibi. Za nyuma zilikuwa zinaangukia ya pili, ya nne, ya sita kutoka mashariki, yaani ukizihesabu kutoka magharibi, ya kwanza, ya tatu, ya tano. Kila alama ya mbele ilikuwa inatazamana na hewa. Futi moja nzima. Futi ya kinu.

Kenchi zako zilikuwa zimelala juu ya lori. Mwendesha kreni, Mmarekani mmoja mtulivu, alikuwa ameegemea gari lake anatafuna mbegu za alizeti na kutazama saa. Wangezipandisha hivyo, zingekaa mshazari zote, kama watu waliolala kitanda kimoja na kila mmoja anavuta shuka upande wake. Plaiwudi isingepata pa kulala. Jumatatu mkaguzi angesema shusheni. Na kreni isingerudi, na mvua ingerudi.

Sasa sikiliza siri ya kwanza. Karatasi yenye mpangilio, niliyoichapa mwenyewe, yenye mshale mkubwa unaosema kuta zote mbili zianzie magharibi, haikuwa imepotea. Ilikuwa mkobani mwangu. Nilikusudia kumpa Papa Yakobo asubuhi, nikachelewa, nikakuta wazee wamekwisha panda ngazi, nikaona haya kuwaita washuke. Nikajiambia wao ni mafundi, wanajua. Nilikaa nayo mkobani wakati wanachora, alama baada ya alama, nikiwamiminia chai.

Nilijaribu. Nataka ujue nilijaribu. Nilisema, "Samahani wazee, kuna jambo." Mchungaji akasema, "Karani, asante, chai inatosha." Nikazunguka nyuma, nikasema kwa Papa Yakobo, "Papa, naomba tuangalie vipimo." Akasema, "Binti, vipimo tumeangalia sisi tangu mama yako hajazaliwa." Hakusema kwa ubaya. Wakacheka, na mimi nikacheka, Fundi. Nilijicheka mwenyewe pamoja nao, na mwendesha kreni akatema maganda, akapanda kwenye kiti chake, akawasha mashine.

Hapo ndipo nilipokutumia.

Sikupanga. Kinywa kilifunguka chenyewe. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, "Nimemwota Fundi usiku wa kuamkia leo."

Unajua jinsi kelele za nyundo zinavyokwisha? Hazikwishi pamoja. Ya mwisho ilikuwa ya kijana mmoja wa Euless, wa kundi la Dallas, aliyekuwa anakaza jukwaa pale kona, akapiga mara mbili zaidi, akaona wenzake wamenyamaza, akaishusha. Mchungaji alivua kofia. Papa Yakobo akashuka ngazi, yeye ambaye hakushuka kwa chai. Akauliza polepole, "Amesema nini?"

Nikasema, "Amesema, tafadhali, waambie waanze upande mmoja."

Mama Esta alikuwa amesimama karibu na masufuria. Alinitazama. Akainama akaendelea kukoroga.

Papa Yakobo aliomba uzi. Akaniambia, kwa kuwa ndoto ni yangu, nipande mimi. Bosi hataki mtu wa ofisini apande hata kiti, na mimi mwenyewe naogopa ngazi za jengo letu zenye kapeti. Nilipanda. Nilipanda nikitazama ubao ulio mbele ya pua yangu tu, nikihesabu misumari. Nikashika uzi kwenye alama ya tano ya mbele, Papa Yakobo akauvuta mpaka alama iliyokaribia kutazamana nayo nyuma. Wote wakatazama. Uzi ulikatiza nyumba yako mshazari kama mkanda wa askari wa gwaride.

Papa Yakobo akatazama mbinguni, akakuita kwa jina lako, "Byamungu. Hata ukifa unatusumbua." Kicheko kilichofuata nadhani ulikisikia huko huko.

Mchungaji aliuliza nani arudie ukuta wake. Nikadhani itakuwa vita. Papa Yakobo akasema wa nyuma, kwa sababu ni wa kwake, na kwa sababu marehemu alikuwa ndugu yake na asingependa kumsumbua mchungaji. Mchungaji akasema basi watu wa Dallas watabeba maji, mashindano yameharibika. Ikawa hivyo. Nikatoa karatasi mkobani, nikasema iko hapa, na hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi. Nikasoma namba kwa sauti, wao wakachora kwa chaki nyekundu juu ya penseli nyeusi. Nyeusi bado ziko pale chini. Ukipata nafasi, chungulia.

Kijana wa Euless akaniuliza kwa nini ya kwanza si ishirini na nne kamili. Nilikuwa na biskuti mkobani. Fundi, nilikuwa juu ya jukwaa, nimesimamisha biskuti nne juu ya ubao wa ukuta wako, nikamwambia, "Lazima uachie jirani pa kulala." Akasema, "Aa." Akazila. Mafundi wote ni wamoja.

Kenchi ya kwanza ilisimama ncha ya magharibi, wakaifunga kwa mbao za muda. Ya pili ikashuka ikakalia X yake kama imeitwa kwa jina. Ya tatu, ya nne. Mwendesha kreni alikuwa ameacha mbegu zake. Ya ishirini na nne ilikaa ncha ya mashariki, futi moja tu kutoka ya ishirini na tatu, na saa sita ilikuwa bado haijafika. Nikaona wazi nafasi ya kinu. Wakatandika plaiwudi ya kwanza, nikapanda tena, bila kuambiwa, kwenda kuangalia. Ukingo ulikuwa katikati ya mbao. Nusu na nusu. Nilitoa simu kukupigia. Nilikuwa nimekwisha kulitafuta jina lako.

Tulikula chini ya mbao zako, na kivuli chake kilikuwa mistari mistari juu ya sahani. Mama Esta alinipakulia sombe, akasogea karibu kama anaongeza samaki, akasema taratibu, "Karani, jana usiku hukulala. Nimekusikia unaenda kuangalia jiko mara tatu. Umemwota saa ngapi?"

Nikajaza kinywa sombe.

"Na mume wangu," akasema, "tangu anioe, hajasema 'tafadhali' hata siku moja. Hata alipotaka chumvi." Akaongeza samaki mwingine. "Kula. Paa ni zuri."

Hajarudia tena. Mimi nimempelekea kanga mbili na sijamwambia ni za nini, naye hajauliza.

Ningependa niseme yameishia hapo. Ndoto imekua. Imefika Euless kabla yangu, na Jumapili iliyofuata nikasimuliwa mimi mwenyewe kwamba ulikuwa umevaa nguo nyeupe na umeshika tepu ya dhahabu. Mama mmoja wa Plano amenisimamisha uwanjani mwa kanisa kuniomba, nikikuota tena, nikuulize marehemu mumewe aliziweka wapi hati za kiwanja cha Uvira. Papa Yakobo alipiga simu wiki iliyopita. Alisalimia vizuri, akazungukazunguka, kisha akauliza kama umesema lolote kuhusu baraza la nyumba, maana yeye anapendelea la mbele na Esta anataka la nyuma. Nikasema hujasema. Akasema, "Basi, akisema."

Mjukuu wako mdogo aliniuliza kwa Kiingereza kama babu aliuliza habari zake. Hilo sikuweza. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mwongo kidogo, na kwamba babu alikuwa akimtaja kila Jumatatu ofisini, na hilo si ndoto. Alilikubali la pili, la kwanza akalipuuza.

Basi nisikilize ahadi yangu, na hii unaweza kumwambia mama yako, si siri. Siku ya kuibariki nyumba, wakimaliza kuomba, nitasimama mbele ya Papa Yakobo na mchungaji na wote, niseme kwamba sikuota. Kwamba karatasi ilikuwa mkobani, na kosa nililiona kwa macho yangu mwenyewe kwa sababu wewe ulinifundisha kuona, na kwamba niliazima kinywa chako kwa sababu changu kilikuwa kinaogopa. Nimekwisha anza mazoezi. Jumanne iliyopita muuzaji wetu aliandika urefu wa ukuta vibaya kwenye agizo la mtu wa Denton. Nilisimama. Nikatoa tepu yako kwenye droo, nikaishika. Nikasema, "Hapa pamekosewa." Bosi akaangalia, akasema kweli, akarudi kwenye kahawa yake. Ndiyo hivyo tu. Fundi, mbona hukuniambia kwamba huwa ni hivyo tu?

Nisamehe. Na asante, kwa kenchi na kwa kinywa.

Kwaheri, Fundi. Kengele ya kurudi kazini imekaribia, na mlango huu uliofunguka kidogo unanitia wasiwasi.

Ukitaka kunijibu, usipige simu, moyo wangu hautastahimili kuona jina lako linawaka. Usije ofisini mchana, utawatisha wauzaji. Njoo usingizini, kweli safari hii. Sijahama. Ni nyumba zile zile za Lewisville nyuma ya kituo cha mafuta, ghorofa ya pili, mlango wa tatu ukihesabu kutoka magharibi. Anzia magharibi. Ukianzia upande wa pili utafika kwa jirani yangu, na yeye ana mbwa. Nalala kichwa kikiwa upande wa dirisha. Ukinikuta nimeamka, nakwenda kuangalia jiko, ngoja tu, narudi. Niambie baraza liwe la mbele au la nyuma, na hati za Uvira kama utakuwa umekutana na mwenyewe.

Na ukija, usiseme tafadhali. Nitajua si wewe.

Wako,
Karani